Bahasha ya Kaki: Safari ndefu ya kuzifanya kompyuta za hospitali zielewane

Asubuhi ya kliniki katika hospitali yoyote ya rufaa ya Afrika Mashariki, mabenchi ya nje hujaa watu walioshika bahasha za kaki. Ndani yake mna kadi ya kliniki iliyokunjika pembeni, majibu ya maabara ya mwaka juzi, picha ya eksirei, karatasi ya rufaa yenye mhuri wa kituo cha afya, na pengine kipande cha boksi la dawa kilichohifadhiwa ili daktari asome jina. Bahasha hiyo ndiyo mtandao wa mawasiliano kati ya kituo kimoja na kingine, na mgonjwa ndiye tarishi wake. Kazi huifanya vizuri mpaka siku mvua inaponyesha, au siku mwenyewe anapoletwa hajitambui na bahasha imebaki nyumbani juu ya kabati.

Wengi walidhani kompyuta zingeiondoa bahasha. Zilipoingia mapokezi, maabara na duka la dawa, bahasha ilibaki palepale, tena ikanenepa. Kituo cha kwanza huandika taarifa ndani ya kompyuta, huzichapisha kwenye karatasi, mgonjwa huzibeba, na karani wa kituo cha pili huzichapa upya katika kompyuta nyingine. Mashine mbili zilizounganishwa na intaneti ileile zinawasiliana kwa mikono ya mtu aliyepanda basi.

Jambo hili halikuanzia Afrika wala si la nchi maskini peke yake. Mwaka 2009 Marekani ilipitisha sheria iliyotoa fedha kwa hospitali na madaktari ili waache majalada ya karatasi na kutumia mifumo ya kielektroniki. Zaidi ya dola bilioni 30 zilitumika. Katika miaka michache karatasi ilitoweka katika hospitali nyingi, lakini mgonjwa aliyehama kutoka jimbo moja hadi jingine aliendelea kupeleka taarifa zake kwa faksi au kwa sahani ya CD aliyopewa mkononi. Kila mfumo ulikuwa umejengwa vizuri kwa ajili ya hospitali yake. Hakuna aliyekuwa amelipwa ili ajenge daraja.

Ugumu huo una sababu inayoeleweka. Mtu wa kwanza kununua simu katika kijiji hana wa kumpigia. Hospitali ya kwanza kujifunza lugha mpya ya mawasiliano hugharimika leo, na faida yake huja siku ambayo hospitali nyingine zitajifunza lugha hiyohiyo, siku isiyojulikana. Kwa hiyo kila mmoja humngoja mwenziwe, na kampuni inayouza mfumo nayo haina haraka, kwani mteja ambaye taarifa zake hazitoki kwa urahisi ni mteja asiyeondoka kwa urahisi.

Majaribio ya kutafuta lugha moja yalianza zamani. Mwaka 1987 lilianzishwa nchini Marekani shirika la viwango liitwalo HL7, na toleo lake la pili la kanuni za ujumbe ndilo lililoenea ulimwenguni. Ujumbe wa toleo hilo ni mistari ya maandishi iliyokatwakatwa kwa vijiti vya wima: jina kati ya vijiti viwili, tarehe ya kuzaliwa kati ya vijiti viwili vingine, jibu la kipimo mbele zaidi. Hadi leo majibu mengi ya maabara husafiri hivyo ndani ya hospitali kubwa. Uzuri wake ulikuwa ulegevu wake. Kila hospitali iliweza kuongeza sehemu zake na kuacha nyingine wazi, na ubaya wake ukawa huohuo: kila muunganisho mpya uligeuka mradi wa miezi, wenye mhandisi anayeuliza tena na tena kwamba hapa mlipoandika herufi hii mlikusudia nini.

Ndipo wataalamu wa shirika hilo walipogeukia upande wa pili. Toleo la tatu lilikusudia kuondoa utata wote kwa kujenga kwanza ramani moja kuu ya kila jambo linaloweza kutokea katika tiba, kisha ujumbe wote utokane na ramani hiyo. Ilikuwa kazi ya wasomi hasa, na pengine hapo ndipo kosa lilipokuwa, kwani mhandisi wa kawaida alihitaji miezi kuielewa kabla ya kutuma taarifa ya chanjo moja. Uingereza ililitegemea toleo hilo katika mpango wake mkubwa wa kompyuta za huduma ya afya ulioanza mwaka 2002. Mpango huo ulikuwa na matatizo mengi yasiyohusiana na lugha ya ujumbe, na Septemba 2011 serikali ilitangaza kuuvunja baada ya mabilioni ya pauni.

Mwaka huohuo wa 2011, Grahame Grieve wa Australia, aliyekuwa ametumikia viwango hivyo kwa miaka mingi, aliandika waziwazi kwamba toleo la tatu limeshindwa na kwamba ni lazima kuanza upya. Mkosoaji angeweza kuishia hapo. Yeye aliweka mezani rasimu ya kitu mbadala, na pamoja na Ewout Kramer wa Uholanzi na Lloyd McKenzie wa Kanada akaanza kukijenga. Kitu hicho kilipewa jina la FHIR, herufi ambazo Waingereza huzitamka sawa na neno lao la moto.

Wazo lake ni jepesi. Badala ya kutuma jalada zima, taarifa za mgonjwa hugawanywa katika vipande vidogo vinavyojitegemea: mgonjwa, kipimo, dawa aliyoandikiwa, mzio, chanjo, miadi. Kila kipande kina anwani yake, kama ukurasa wa intaneti ulivyo na anwani yake, na huombwa kwa njia ileile ambayo simu huomba salio la benki au utabiri wa hali ya hewa. Kijana aliyejifunza kutengeneza programu za simu anaweza kukisoma kipande hicho siku ya kwanza bila kufundishwa falsafa ya tiba. Waanzilishi walijiwekea pia kanuni ya kujizuia: jambo liingie katika msingi wa kiwango iwapo mifumo mingi, takribani asilimia 80, tayari inalitumia. Mengine yaliyo ya nchi fulani au ya fani fulani yaongezwe pembeni kwa utaratibu unaojulikana, ili asiyeyahitaji asibebeshwe.

Mhudumu wa afya anaweza kuuliza ubishi huu wa wahandisi unamhusu nini. Mfano wa sukari ya damu unatosha. Vipo vipima sukari vinavyoonyesha jibu kwa milimoli kwa lita, na vipo vinavyoonyesha kwa miligramu kwa desilita. Saba ya kizio cha kwanza ni sawa na 126 ya kizio cha pili, nacho ndicho kiwango ambacho mtu aliyefunga huanza kuhesabiwa kuwa na kisukari. Sasa itazamwe namba 20. Mgonjwa mwenye milimoli 20 sukari yake imepanda mno, yaani miligramu 360, na huenda akahitaji insulini. Mgonjwa mwenye miligramu 20 sukari yake imeshuka kiasi cha kuhatarisha uhai, kama milimoli 1.1 tu, na anahitaji glukosi mara moja. Namba ni ileile, na tiba ya mmoja humuua mwingine. Muuguzi aliyezoea mashine yake hatakosea, kwa kuwa kizio anacho kichwani. Namba ikisafiri peke yake kutoka kituo hadi kituo, kichwa cha muuguzi hakisafiri nayo.

Katika kiwango kipya, kipande cha kipimo kina nafasi yake ya namba, nafasi yake ya kizio na nafasi ya msimbo unaosema ni kipimo gani hasa: cha damu nzima au cha maji ya damu, cha mtu aliyefunga au aliyekula. Nchi au kundi la hospitali huweza kukubaliana kwamba kipande kisicho na kizio kisipokelewe. Hapo ndipo penye kazi ngumu zaidi. Lugha ya mashine hupatikana kwa miaka michache, ilhali kukubaliana kwamba maabara zote zitaita kipimo kimoja kwa msimbo mmoja ni mazungumzo ya binadamu wenye mazoea yao. Orodha ya misimbo ya vipimo iitwayo LOINC, iliyoanzishwa mwaka 1994 katika taasisi ya Regenstrief huko Indiana, imekuwa ikikua tangu wakati huo, na bado zipo maabara zinazoandika “FBG”, nyingine “sukari”, nyingine “RBS” kwa kipimo kisicho hicho.

Watu wa teknolojia hupenda kusimulia mabadiliko ya mkupuo. Tarehe 1 Januari 1983 kompyuta zote za ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, ziliamriwa kuacha kanuni za zamani za mawasiliano na kuhamia mpya kwa siku moja. Zilikuwa mamia machache tu, chini ya mwenye fedha mmoja, na hata hivyo wengine walichelewa. Hospitali haina siku kama hiyo. Wodi ya wazazi haifungwi ili waya zibadilishwe. Kwa hiyo kiwango kipya kililazimika kuingia huku cha zamani kikiendelea kufanya kazi.

Mambo matatu yalikisukuma. La kwanza lilikuwa bei. Viwango vya HL7 vilikuwa vikiuzwa kwa wanachama. FHIR ilitolewa bure kabisa, kwa leseni inayomruhusu yeyote kuitumia bila kuomba, na huenda uamuzi huo mmoja ulikuwa na uzito kuliko ufundi wote uliomo ndani yake.

La pili lilikuwa desturi ya kujaribu kabla ya kukubali. Septemba 2012, mjini Baltimore, wahandisi wachache walikutana katika chumba kimoja, kila mmoja na kompyuta yake, wakajaribu kutumiana taarifa za wagonjwa wa kubuni. Palipokwama paliandikwa, na kanuni ikarekebishwa. Mikutano hiyo ilirudiwa mara kwa mara na kukua. Maana yake ni kwamba kamati haikuweza kupitisha kifungu kizuri kwenye karatasi ambacho hakuna aliyewahi kukifanya kitembee. Watu wa kampuni shindani walikaa meza moja, na aliyeshindwa kusoma ujumbe wa jirani yake alishindwa mbele ya macho ya jirani.

Kufikia 2014 jopo la wanasayansi washauri wa serikali ya Marekani liitwalo JASON lilikuwa limetoa ripoti kali kuhusu mifumo isiyozungumza, ikitaka milango ya wazi ya programu. Desemba mwaka huo wakubwa wa soko wenyewe, wakiwamo Epic, Cerner, MEDITECH na athenahealth, pamoja na hospitali kama Mayo Clinic na Intermountain, walitangaza mradi wa pamoja walioupa jina la Argonaut. Hawakuahidi kufanya kila kitu. Walichagua orodha fupi ya vipande vya lazima na namna moja ya kumthibitisha mtumiaji, wakakubaliana kwamba hicho kidogo kila mmoja atakijenga vilevile. Januari 2018 kampuni ya Apple ilipotangaza kwamba mwenye iPhone ataweza kuvuta kumbukumbu zake kutoka hospitali 12 za mwanzo, Johns Hopkins na Cedars-Sinai zikiwamo, ilitumia njia hiyohiyo ya Argonaut. Kwa mara ya kwanza mgonjwa wa kawaida aliona kazi ya vyumba vile kwenye kiganja chake.

La tatu lilikuwa sheria, nayo ilikuja mwishoni, baada ya hiari kuonyesha kwamba jambo linawezekana. Bunge la Marekani lilipitisha sheria Desemba 2016 inayokataza kuzuia taarifa za mgonjwa zisitoke. Kanuni za utekelezaji zilitoka mwaka 2020, zikaitaja FHIR kwa jina na kuwapa watengenezaji wa mifumo iliyosajiliwa hadi tarehe 31 Desemba 2022. Mtengenezaji anayezuia taarifa anaweza kutozwa hadi dola milioni 1 kwa kosa. Upinzani ulikuwapo. Mkuu wa mojawapo ya kampuni kubwa aliwaandikia wakuu wa hospitali akiwataka waipinge rasimu, na hoja yake haikuwa ya kupuuzwa: programu ya simu ikishapokea taarifa za mgonjwa kwa idhini yake, sheria ya faragha inayoibana hospitali kwa kawaida haiibani programu hiyo. Mgonjwa hubonyeza “nakubali” bila kusoma, na taarifa za familia yake nzima, ikiwamo historia ya magonjwa ya kurithi, hutoka mlangoni. Kanuni zilipita, na hofu hiyo bado haijapatiwa jibu kamili.

Athari nyingine ilijitokeza kliniki. Tangu Aprili 2021 majibu mengi ya vipimo Marekani humfikia mgonjwa mara yanapokamilika, mara nyingine kabla daktari hajayaona. Mtu anaweza kusoma neno “saratani” usiku, akiwa peke yake. Madaktari walilalamika, nao walikuwa na haki. Lakini wagonjwa walipoulizwa, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2023 na jarida la JAMA Network Open uliowahusisha zaidi ya watu 8,000, zaidi ya asilimia 95 walisema wangependelea kuendelea kuyapata majibu papo hapo. Kliniki nyingine zimejifunza kumwandaa mgonjwa siku kipimo kinapochukuliwa: jibu hili linaweza kukufikia kabla hatujaonana, na linaweza kuwa la hivi au la vile.

Afrika Mashariki imekuwamo katika hadithi hii tangu mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kutumia mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uliojengwa kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Kutokana na uzoefu huo ulizaliwa OpenMRS, mfumo huria ulioanza kazi Eldoret Februari 2006, wakati idadi ya wagonjwa wa VVU waliohitaji kufuatiliwa ilikuwa imezidi uwezo wa daftari lolote. Leo mfumo huo hutumika katika nchi nyingi, na umeongezewa uwezo wa kuzungumza FHIR. Rwanda ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kujaribu kuunganisha vituo kupitia kituo kikuu cha kubadilishana taarifa, na mafunzo ya jaribio hilo yalichangia kuanzishwa kwa jumuiya ya OpenHIE. Kenya mwaka 2011, na Tanzania miaka miwili baadaye, zilieneza nchi nzima mfumo wa DHIS2 wa kukusanya takwimu za afya, unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo.

Takwimu, hata hivyo, ni kitu kimoja, na mgonjwa ni kitu kingine. Wizara inaweza kujua idadi ya wajawazito waliohudhuria kliniki mwezi uliopita bila mkunga wa wodini kujua kundi la damu la mama aliyelala mbele yake. Mama yule alipimwa katika zahanati ya kijijini kwao, na jibu limo katika kadi. Pengo hilo ndilo linaloshughulikiwa sasa. Shirika la Afya Duniani limeanza kutoa miongozo yake ya tiba katika umbo ambalo kompyuta inaweza kulisoma kwa kutumia FHIR, na Julai 2023 lilitia saini makubaliano ya ushirikiano na HL7. Kenya ilipitisha Sheria ya Afya ya Kidijitali Oktoba 2023. Sheria za kulinda taarifa binafsi zilitangulia: Kenya mwaka 2019, Tanzania mwaka 2022.

Sheria hizo za faragha zimfikie karani kabla hazijamfikia mhandisi. Taarifa zilizokuwa zimefungwa katika kabati la chumba kimoja, zikiunganishwa, zinaweza kusomwa kutoka wilaya nyingine. Neno la siri lililobandikwa pembeni ya kioo cha kompyuta ya mapokezi, jambo linaloonekana katika vituo vingi, lilikuwa kosa dogo wakati kompyuta ilikuwa na wagonjwa wa kituo kimoja. Linakuwa kosa jingine kabisa mashine hiyo inapofungua mlango wa mkoa mzima.

Kisha kuna suala ambalo hakuna kiwango cha kimataifa kitakachowafanyia wenyeji: kumjua mgonjwa ni nani. Mashine mbili zinaweza kuelewana vizuri kuhusu sukari, dawa na mzio, zikashindwa kujua kwamba Mwanaisha wa kituo hiki ndiye Mwanaesha wa hospitali ile. Mtu huandikwa kwa jina la baba huku na la babu kule. Mama huandikisha mtoto kliniki kabla hajapewa jina. Tarehe ya kuzaliwa ya mzee ni 1 Januari ya mwaka wa kukisia, kama ya wazee wenzake wote wa tarafa. Namba ya simu ni ya mjukuu, na mjukuu amebadilisha laini. Kosa la kuunganisha majalada ya watu wawili ni baya kuliko la kutoyaunganisha kabisa, kwa maana huenda likampa mmoja damu au dawa ya mwingine.

Ndiyo maana mhudumu wa mapokezi anayemwuliza mgonjwa atamke majina yake yote matatu, akalinganisha na kitambulisho cha taifa au cheti cha kuzaliwa, kisha akauliza tena tarehe ya kuzaliwa badala ya kuikubali iliyoko kwenye kioo, anafanya kazi ambayo wahandisi wa Baltimore hawakuweza kuiandika katika kanuni. Mgonjwa naye akija na kitambulisho kilekile kila mara, akataja jina lililomo humo hata kama mtaani anaitwa vingine, humrahisishia. Kwa sasa, na kwa miaka kadhaa ijayo, ataendelea pia kuja na bahasha yake. Akifika mapokezi aulizwe kama yako majibu mapya ndani, na jibu la sukari likinakiliwa, kizio chake kinakiliwe nalo.